Nimetembea London ya Charles Dickens msimu huu wa Krismasi: kutoka Cornhill hadi ukuta wa gereza alikofungwa baba yake

BintiTanga

Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, arudi usiku akishatulia.

Mimi nafanya usafi wa maofisi hapa London, kwenye ile sehemu ya mabenki wanayoiita City. Zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mwaka wa nne huu napita kichochoro kimoja nyuma ya barabara ya Cornhill, chembamba mpaka watu wawili wakikutana mmoja inabidi ageuze bega. Napita na begi langu, kichwa chini kwa baridi, nawahi kuchanja kadi mlangoni. Sikujua kina habari yoyote.

Jumamosi iliyopita nimekipita tena, safari hii kwa kulipa pauni 15, nikiwa na watu kama ishirini nyuma ya mzee mmoja mwenye kofia ndefu nyeusi na taa ya mkononi. Ni matembezi ya Krismasi ya kufuata nyayo za Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza wa zamani. Aliyenipeleka ni mwanangu. Wanasoma riwaya yake, A Christmas Carol, kwa ajili ya GCSE, mtihani wa sekondari wa huku, akaniambia mama, mwalimu amesema hizi sehemu zipo kweli, twende. Nikaona bora hela iende huko kuliko kwenye makorokoro ya sikukuu.

Tulianza saa kumi jioni na giza lilikuwa limeshaingia, maana Desemba huku jua linazama kabla hata ya saa kumi kamili. Kwanza soko la Leadenhall. Mti mkubwa wa Krismasi katikati, taa kila nguzo, dari limepakwa rangi ya damu ya mzee na dhahabu. Pazuri, sina la kusema. Mzee wa kofia akatuambia hapa ndipo Waingereza wa zamani walipokuja kununua bata bukini na bata mzinga wa sikukuu. Halafu akasema jambo lililonifanya nimwamini jioni nzima: jengo hili mnalopiga picha ni la mwaka 1881, na Dickens alifariki mwaka 1870. Soko analijua, dari hili hakuliona.

Kutoka pale tukaingia vichochoroni. Na ndugu zangu, nikajikuta kwenye kichochoro changu!

Riwaya haitaji jina la mtaa wa ofisi ya Scrooge, yule tajiri bahili wa kwenye hadithi. Inasema ofisi iko kwenye ua, na juu yake kuna mnara mkongwe wa kanisa ambao kengele yake inachungulia chini kupitia dirisha. Na inasema karani wake, Bob Cratchit, alipotoka kazini mkesha wa Krismasi aliteleza kwenye barafu ya Cornhill mara ishirini pamoja na watoto wa mtaani, kisha akakimbia mpaka kwake Camden Town. Ukisimama kwenye ule ua nyuma ya kanisa la St Michael ukainua kichwa, mnara uko pale pale, unakuangalia. Miaka minne sijawahi kuinua kichwa.

Mwanangu akanigusa mkono akasema, "Mama, kumbe unafanya kazi kwa Scrooge." Hakuwa anatania, alishangaa kweli. Mimi nilishindwa kumjibu, nikamfunga skafu vizuri.

Ngoja nipumzike, nitaendelea na sehemu ya ng'ambo ya mto. Hiyo ndiyo iliyonileta hapa kuandika.

Kariakoo_Mtaa_wa_Kongo

Dada hongera kwa kumtembeza kijana. Swali la mtu asiyesoma riwaya: huyu Scrooge si mtu wa kutungwa? Sasa ofisi yake itakuwepoje?

BintiTanga

Ni wa kutungwa, kaka. Ila mji si wa kutungwa. Dickens alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Hiki kitabu alikiandika kwa wiki sita hivi, vuli ya mwaka 1843, na usiku London ikishalala alikuwa anatoka anakwenda maili 15 hata 20 peke yake huku hadithi inamchemka kichwani. Alimwandikia rafiki yake kwamba alilia, akacheka, akalia tena. Kwa hiyo ukifuata vichochoro vyake unapita alipopita mtu aliyekuwa anatunga kwa miguu. Mimi naona ndiyo maana hadithi zake unaweza kuzishika kwa mkono.

Kitabu kikatoka tarehe 19 Desemba mwaka huo huo. Nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya Krismasi kufika. Bei yake shilingi 5. Sasa shika hapo: Bob Cratchit mshahara wake ni shilingi 15 kwa wiki, ana mke na watoto sita. Kitabu kinachomhusu yeye kingemla theluthi ya mshahara wa wiki.

MwalimuWaKisumu

Hujambo dadangu. Nimefundisha fasihi miaka mingi na hapo kwa mshahara sijawahi kufikiria hivyo, asante. Wanafunzi wangu huuliza jambo moja kila mwaka: mbona watoto wa Cratchit wanaenda kuchukua bata bukini kwa mwokaji mikate? Hawana jikoni?

BintiTanga

Mwalimu shikamoo. Hilo nami nilimuuliza mzee wa kofia. Maskini wa London walikuwa na sehemu ya moto ya kupasha chumba na kuchemshia, tanuri hawana. Siku ya sikukuu unampeleka bata wako kwa mwokaji mikate, tanuri lake lina moto, unamlipa kidogo, ukirudi unamkuta ameiva. Ndani ya riwaya kuna sehemu watu wanamiminika kutoka vichochoroni na vyakula vyao mikononi kwenda kwa waokaji.

MwalimuWaKisumu

Kumbe ni kama sisi kijijini na posho mill! Mahindi ni yako, mashine ni ya mwenyewe, unalipia kusagiwa tu. Hivyo ndivyo nitakavyowaeleza Jumatatu.

Mchambua_Makonyo

Mimi niko Wete, Pemba. Nimesoma juu hapo nikajiuliza, hao watembezi hawanywi kitu na baridi yote hiyo?

BintiTanga

Tulisimama dakika ishirini nje ya baa moja ya vichochoroni, watu wakanunua mvinyo wa moto wenye viungo. Mimi na mwanangu tulikunywa juisi ya tufaha iliyochemshwa na viungo vile vile. Kikombe kikiwa mkononi nikasikia harufu nikajua hii ni karafuu, na mdalasini. Kikombe kimoja nikarudi Ngamiani, Tanga, kwa bibi yangu, chai ya jioni.

Mwisho wa kitabu Scrooge anamwambia Bob wakae pamoja wanywe kinywaji cha moto cha sikukuu. Kinywaji chenyewe ni mvinyo na machungwa yaliyochomwa, na machungwa hayo yanachomekwa karafuu kabla ya kuchomwa.

Mchambua_Makonyo

Hapo ndipo nilipotaka ufike. Miaka hiyo hiyo ya 1840 ndiyo karafuu ilipokuwa inapandwa kwa kasi Unguja na Pemba chini ya Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat. Na aliyekuwa akizipanda na kuzichuma ni mtumwa. Hadithi ya makarani maskini wa London ni ya kweli na inauma, ila kwenye kikombe kile kuna na jasho la wazee wetu. Mimi hadi leo nikianika karafuu kwenye jamvi, nikikaa kuchambua makonyo, yaani vile vikonyo vyake, huwa nawakumbuka.

BintiTanga

Kaka umenigusa pabaya, na nakushukuru. Nitamsomea mwanangu ulichoandika.

Hoja_Kwanza

Samahani dada, sitaki kuharibu sikukuu ya mtu, ila lazima lisemwe. Huyo Dickens aliyewalilia watoto wa Kiingereza ndiye huyo huyo aliyeandika makala mwaka 1853 kuwadhihaki Wazulu walioletwa London kuonyeshwa kwa tiketi. Na mwaka 1865 Gavana Eyre alipowaua watu weusi kwa mamia kule Jamaica baada ya machafuko ya Morant Bay, Dickens alikuwa upande wa gavana. Sasa sisi tunalipa pauni 15 kumtukuza?

BintiTanga

Hujaharibu kitu. Uliyosema yote mawili ni kweli, na mimi sitamtetea kwa hayo.

Nikuongezee na jingine. Baa tuliyosimama nje yake inaitwa Jamaica Wine House. Mahali pale ndipo ulipofunguliwa mkahawa wa kwanza wa kahawa London, mwaka 1652. Hilo mzee alitueleza kwa furaha. Jina la Jamaica limetoka wapi, hakueleza. Limetoka kwa wafanyabiashara waliokuwa na biashara na visiwa vile, sukari na mashamba ya watumwa, walikuwa wanakutana hapo kunywa kahawa na kupanga bei. Nilisubiri aseme, hakusema, tukaendelea. Nilipaswa kuuliza mbele ya watu na sikuuliza. Niliona aibu, mweusi peke yangu na mwanangu kwenye kundi lile. Nikirudi nitauliza.

Lakini sikwenda kumtukuza mtu. Nilikwenda kwa sababu ya kitabu, na kitabu kimeandikwa na mtoto aliyedhulumiwa ndani ya mtu mzima aliyekuja kudharau wengine. Yote mawili yamo ndani ya mtu mmoja, na linaniuma kwa sababu huyo mtoto namwelewa. Naomba nimalizie safari ya jioni ile uone ninachosema.

Tulivuka London Bridge kwa miguu. Upepo wa Thames kwenye daraja lile unapita kwenye koti kama koti halipo. Upande wa pili mkono wa kulia kuna ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea kanisa kuu la Southwark. Zimebaki kutoka daraja la zamani la mwaka 1831. Daraja lenyewe lilibomolewa jiwe kwa jiwe, likauzwa Marekani, liko Arizona. Hizi ngazi wanaziita za Nancy, yule binti kwenye riwaya ya Dickens ya Oliver Twist aliyekutana usiku na waungwana ili amwokoe mtoto. Watu wengi wanadhani aliuawa pale. Kwenye riwaya hakuuawa pale, aliuawa chumbani. Pale ndipo aliposikilizwa kwa siri, na kusikilizwa kule ndiko kulikomuua.

Tukapita soko la Borough limejaa watu na moshi wa nyama, tukaingia ua wa George Inn, nyumba ya wageni ya mwaka 1677 yenye baraza za mbao zilizopinda. Watu wakapiga picha. Mimi hapo nilikuwa nishachoka, miguu inaniuma kwa zamu ya asubuhi.

Halafu mzee akazima taa yake. Akatuambia tumfuate kimya. Pembeni ya maktaba, kwenye Borough High Street, kuna kijia kinaitwa Angel Place. Unaingia, kelele za mabasi zinabaki nyuma, na pembeni yako kuna ukuta. Hamna mapambo, hamna mti wa Krismasi. Ukuta mrefu wa matofali, umesawajika, mengine yamekatika kingo, katikati yake chokaa imeliwa. Huo ndio uliobaki wa Marshalsea, gereza la wadaiwa.

Baba yake Dickens alifungwa humo Februari mwaka 1824. Alikuwa anadaiwa na mwokaji mikate, pauni 40 na shilingi 10. Mama akahamia humo gerezani na watoto wadogo, maana ndivyo ilivyokuwa, familia ya mdaiwa inaishi naye. Charles alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku chache kabla ya baba kufungwa walishampeleka kazini, kwenye kiwanda cha dawa ya viatu kando ya mto, karibu na palipo stesheni ya Charing Cross leo. Panya ngazini. Kazi yake kufunika vikopo kwa karatasi, kufunga kwa uzi, kubandika lebo. Saa kumi kwa siku, shilingi 6 kwa wiki. Baadaye alipangishiwa chumba Lant Street, jirani na gereza, ili asubuhi apate kunywa chai na wazazi wake ndani ya gereza kabla ya kwenda kazini.

Baba akatoka baada ya miezi kama mitatu. Mama akataka mtoto aendelee na kiwanda. Hilo Dickens hakulisahau mpaka anakufa. Na hakumwambia mtu, isipokuwa rafiki yake John Forster. Watoto wake mwenyewe walikuja kulijua kwenye kitabu cha Forster, baba yao ameshazikwa Westminster Abbey.

Niliweka kiganja kwenye yale matofali. Yalikuwa na unyevu, baridi yake inaingia mpaka kwenye kiwiko. Mwanangu naye akaweka chake juu kidogo ya changu. Ana miaka kumi na mitano. Akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa mdogo kuliko mimi?" Nikamwambia ndiyo, miaka mitatu.

Hoja_Kwanza

Nimesoma mpaka mwisho. Nabaki na hoja yangu ila nimekuelewa dada.

Wakili_Mstaafu

Niongeze kidogo kwa upande wa sheria. Vijana wanadhani kufungwa kwa deni ni mambo ya kale. Kwetu Tanzania kifungo cha madai kipo kwenye sheria, na Kenya pia kipo. Tofauti na Marshalsea ni kwamba kwetu anayekufunga ndiye anayelipia posho yako ya chakula, asipolipa unatoka. Kule mfungwa mwenyewe alitozwa ada za gereza, deni linazaa deni. Uingereza ilikuja kukifuta kwa sehemu kubwa kwa sheria ya mwaka 1869. Marshalsea lenyewe lilikuwa limefungwa tangu 1842.

BintiTanga

Asante mzee wangu, shikamoo. Angalia hiyo miaka: gereza linafungwa 1842, mwaka unaofuata anaandika A Christmas Carol. Na Februari au Machi ya 1843 alikuwa amesoma ripoti ya serikali kuhusu watoto wanaofanya kazi migodini na viwandani. Alikusudia kuandika kijitabu cha kuwatetea, akakiacha, akasema atakuja na kitu chenye nguvu mara elfu ishirini zaidi. Septemba akatembelea shule ya watoto wa mitaani kule Field Lane, Saffron Hill, watoto wenye matambara na njaa. Oktoba akaanza kuandika.

Ndiyo maana nasema hadithi hii si ya theluji na bata mzinga. Katikati ya kitabu mmoja wa mizimu ya Krismasi inayomtembelea Scrooge anafunua joho lake, chini yake wanatoka watoto wawili waliokonda, mvulana na msichana. Mvulana ni Ujinga, msichana ni Uhitaji. Scrooge anauliza kama hawana pa kwenda, na mzimu anamrudishia maneno yake mwenyewe: kwani hakuna magereza? Ukiisoma sehemu hiyo umeegemea ule ukuta, inasomeka tofauti. Matembezi mengi ya sikukuu yanaishia Leadenhall kwenye taa na mvinyo. Yule mzee alituvusha mto, na kwa hilo namshukuru.

Mama_Pacha_Reading

Dada na mimi niko huku, treni nusu saa. Nina wawili wa miaka tisa. Wataweza? Na lazima kulipa?

BintiTanga

Wataweza, njia yote haifiki maili mbili, ila wavishe soksi mbili mbili. Kulipa si lazima, vichochoro ni vya wote. Mimi nakwenda tena Jumapili ijayo mchana. Jumapili City inakuwa tupu, maofisi yamefungwa, unaweza kusimama chini ya mnara bila kusukumwa. Tukutane stesheni ya Monument saa saba mchana. Soko kwanza, halafu kichochoro changu, tupite Jamaica Wine House niwaeleze mwenyewe habari ya lile jina, kisha daraja na ukuta. Pale mbele kidogo ya ukuta kuna kanisa la St George the Martyr. Likiwa wazi tutaingia, kwenye dirisha la nyuma ya madhabahu wamemchora Little Dorrit, binti wa riwaya nyingine ya Dickens, amepiga magoti, kadogo mno, pacha wako wakimwona kabla yangu nawanunulia chokoleti.

Karafuu nitabeba mwenyewe kwenye chupa ya chai. Mchambua_Makonyo, ni za Pemba, dada yangu ameniletea Agosti.

Mchambua_Makonyo

Ziponde kidogo kabla ya kutia. Nzima hazitoi.